Utitiri mwekundu kwenye waridi: upige dawa au umfungulie persimilis?

Anza na jani. Chukua la chini kabisa, kwenye yale matawi yaliyolazwa, upande wa grinhausi unaopigwa na vumbi la barabara. Juu lina vidoa vya njano hafifu, kana kwamba mtu amelidungadunga kwa ncha ya sindano. Ligeuze, weka lenzi ya kukuza mara 10, usogeze jicho. Yupo: mwili wa kijani-njano wenye baka jeusi kila ubavu, ametulia, ananyonya. Pembeni yake mayai ya duara yanang'aa kama matone ya umande, na vipande vyeupe vya ngozi walizojivua wenzake. Huyu ni Tetranychus urticae, anayeitwa utitiri mwekundu hata akiwa wa kijani, na ambaye shambani wengi humwita spaida.

Kuanzia Naivasha na Timau hadi Usa River kule Arusha, yapo mashamba ya waridi yanayomkabili kwa dawa za kemikali peke yake, na yapo yanayomfungulia adui yake wa asili, utitiri mwindaji aitwaye persimilis. Nimefanya kazi kwa njia zote mbili, kwanza nikiwa skauti, yaani mkaguzi wa wadudu mabedini, baadaye nikisimamia timu ya wapiga dawa. Ninayemwandikia hapa ni mtu mwenye hekta moja au mbili mkononi na anayetakiwa kuamua kabla kiangazi hakijakolea. Niseme mapema ninakoegemea: kwa waridi ambalo litakaa ardhini miaka kadhaa, naegemea kwa mwindaji. Ila uamuzi huu haumhusu utitiri peke yake, na hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Adui anavyoongezeka

Kitaalamu utitiri si mdudu. Akikomaa ana miguu minane, ni wa ukoo mmoja na buibui na kupe. Jambo hili lina uzito unapokwenda dukani, kwa sababu dawa nyingi za vidukari au inzi weupe hazimfanyi kitu, na baadhi humnufaisha kwa kuwamaliza wanaomla.

Joto likiwa nyuzi 20 huchukua zaidi kidogo ya wiki mbili kutoka yai hadi kukomaa. Likifika nyuzi 30, wiki moja hivi inatosha. Jike mmoja hutaga mayai kama 100 maishani mwake. Jike ambaye hajapandwa hutaga pia, ila mayai yake huangua madume matupu. Kwa hiyo jike mmoja aliyeng'ang'ania kwenye aproni ya mvunaji anaweza kuanzisha ukoo mzima kwenye bedi jipya: huzaa madume, kisha hupandwa na mwanawe.

Dume huyo ana nakala moja tu ya kila jeni. Akiwa amebeba jeni la usugu, hakuna nakala ya pili ya kulifunika. Dawa inawaua wenzake wote, yeye anabaki, na vizazi vinafuatana kila wiki moja au mbili. Ndiyo maana utitiri huyu ameripotiwa kupata usugu dhidi ya viambato zaidi ya 90 vya dawa duniani. Lipime hilo kabla hujasema kwamba dawa ya mwaka jana "imechakachuliwa". Huenda dawa ni ileile, aliyebadilika ni utitiri.

Dawa: inachokupa na inachokudai

Sifa yake kubwa ni kasi. Jumatatu umeona utando umefika kwenye matumba, Ijumaa wengi wamekufa. Hakuna mwindaji anayeweza kuukimbiza mlipuko wa namna hiyo. Pia chupa inakaa stoo, haihitaji gari lenye ubaridi wala kupangwa wiki mbili kabla.

Lakini dawa nyingi za utitiri huua kwa kumgusa, naye anakaa chini ya jani, ndani ya kichaka cha matawi yaliyolazwa ambako mkono haufiki. Kuna karatasi ndogo za njano ambazo hugeuka bluu zikiguswa na maji. Zibane kwa pini chini ya majani ya katikati na ya chini, kisha mwache mpiga dawa afanye kazi yake kama kawaida, bila kumwambia ziko wapi. Mara nyingi nimezikusanya nikakuta za juu zimekuwa bluu tupu, na za chini bado njano na matone matatu manne. Hapo dawa haikushindwa, haikufika. Nozo ielekezwe kutoka chini kwenda juu, mwendo upungue, na shinikizo la pampu likaguliwe kabla mtu hajapandisha kipimo. Kupandisha kipimo juu ya kile cha lebo ni kuwachagulia utitiri sugu wazazi.

Jambo la pili ni hatua ya maisha inayolengwa. Heksithiazoksi na klofentezini hushughulika na mayai na wachanga, hazimwangushi mkubwa aliyekomaa. Abamektini inampiga anayetembea, lakini mayai mengi yanabaki na yataangua. Ukipiga mara moja ukaridhika, siku chache baadaye utakuta majani yana wachanga wa miguu sita, nawe utadhani ni uvamizi mpya.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linaepukika: kubadilisha jina la chupa bila kubadilisha kundi la dawa. Kwenye lebo kuna namba ya kundi, inayoonyesha jinsi kiambato kinavyoua. Abamektini ni kundi la 6. Milbemektini nayo ni ya 6. Anayepiga ya kwanza wiki hii na ya pili wiki ijayo amepiga dawa ileile mara mbili, hata kama maduka ni mawili na rangi za chupa ni tofauti. Fenpiroksimeti na piridabeni zote ni 21A. Heksithiazoksi na klofentezini zote ni 10A, na etoksazoli iliyo 10B ni jirani yao wa karibu. Mzunguko wa kweli unaweza kutoka 6 kwenda 20D, ambako kuna bifenazati, kisha 23, ambako kuna spiromesifeni. Andika namba kwenye daftari la kupiga dawa, majina ya biashara yafuate baadaye. Na hakikisha bidhaa imesajiliwa kwa zao lako: Kenya ni orodha ya PCPB, bodi ya viuatilifu, Tanzania ni ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Kisha kuna watu. Waridi huvunwa kila siku, aghalabu mara mbili. Kila dawa ina muda ambao hairuhusiwi kuingia baada ya kupigwa, kwa hiyo unaibana kazi alasiri, wavunaji wanaharakishwa, na wapiga dawa wanavaa mavazi mazito wakati plastiki imeshakusanya joto la mchana kutwa. Nimewavua vijana barakoa nikaona jasho likichuruzika kama wametoka mtoni. Sijaona lahajedwali ya gharama yenye safu ya jambo hilo, nami naamini lingestahili kuwa nayo.

Persimilis: mwindaji wa chakula kimoja

Phytoseiulus persimilis alijulikana kwa wakulima wa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1950, alipokutwa Ujerumani kwenye okidi zilizotoka Chile. Mwaka 1967 mkulima wa matango wa Uholanzi, Jan Koppert, ambaye dawa zilikuwa zikimdhuru mwilini, alianza kumtumia dhidi ya utitiri, na kutokana na hapo ikazaliwa kampuni inayobeba jina lake. Leo wadudu rafiki wanazalishwa hapahapa Kenya, jambo linalopunguza sana siku ambazo kiumbe hai anakaa ndani ya chupa.

Ni mdogo, wa rangi ya chungwa iliyoiva, umbo la tone, miguu mirefu ya mbele. Hula hatua zote za utitiri, mayai hadi wakubwa: kwa siku moja anaweza kumaliza wakubwa watano au mayai na wachanga kama 20. Utando unaowazuia wawindaji wengine, yeye anauingia. Kwenye joto la kati anakomaa kwa takriban nusu ya muda anaouhitaji utitiri, kwa hiyo mkianza naye mapema, hesabu inakuwa upande wako.

Udhaifu wake unatoka palepale kwenye nguvu yake. Hali kitu kingine. Utitiri wakiisha, anakufa njaa au anahama, nawe utamnunua tena. Mayai yake yanahitaji hewa yenye unyevu, asilimia 60 kwenda juu, vinginevyo yanasinyaa bila kuanguliwa. Joto likizidi nyuzi 30 anapoteza kasi wakati utitiri ndiyo kwanza anachangamka. Kwa mashamba ya mwinuko mkubwa hili si tatizo la kila siku, lakini Januari na Februari, mchana, juu ya majani ya kileleni, hali huwa ngumu. Kulowesha njia kati ya mabedi kabla ya saa sita na kuacha kichaka cha chini kiwe kizito humsaidia kupata kivuli.

Chupa ikifika, usiipeleke moja kwa moja bedini. Mimina kidogo kwenye karatasi nyeupe, pumua juu yake taratibu kwa mdomo wazi. Joto la pumzi huwaamsha: ndani ya sekunde chache utaona vidoto vya chungwa vikikimbia kutoka kwenye pumba. Kama hakuna kinachosogea, piga simu kwa muuzaji kabla saini yako haijakauka. Chupa zilazwe, zisisimamishwe, sehemu ya ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10, na zitumike siku hiyo au kesho yake. Wakati wa kumwaga, zungusha chupa mkononi kila hatua chache, maana hupenda kukusanyika upande mmoja, na bedi la kwanza likapata wote.

Kuna kosa nililoliona kwa macho yangu kwenye shamba moja, na nalihesabu kuwa langu pia kwa sababu mafunzo yalikuwa jukumu langu. Skauti mpya, mwenye bidii kweli, aliripoti "wekundu wengi wanakimbia" kwenye mabedi sita. Amri ya kupiga dawa ikatoka jioni ileile. Wale wekundu walikuwa persimilis, wiki ya tatu tangu tuwafungulie, wameshaanza kushinda. Tuliwaua wenyewe. Tangu hapo kila skauti ninayemfundisha hukaa na lenzi mpaka atofautishe bila kusita: mwenye rangi ya chungwa anayekimbia ni wetu, mwenye mabaka aliyetulia ni adui, yai la duara ni la adui, yai refu kidogo, kubwa mara mbili, ni letu.

Binamu yake, californicus

Neoseiulus californicus ana kasi ndogo na hula kidogo, lakini ana uvumilivu. Utitiri wakipungua anaweza kujikimu kwa chavua na viumbe wengine wadogo, anastahimili joto na ukavu zaidi, na dawa kadhaa zinazomwangamiza persimilis yeye hupona. Watu huwapanga kama wapinzani. Mimi nawaona kama mlinzi na zimamoto: californicus anafunguliwa mapema, kabla madoa hayajaonekana, na persimilis anapelekwa palipowaka.

| | Dawa ya utitiri | Persimilis | Californicus |
|---|---|---|---|
| Matokeo yanaonekana | siku chache | wiki 2 hadi 4 | wiki kadhaa, polepole |
| Mlipuko wenye utando mwingi | inafaa | hatoshi peke yake | hafai |
| Ukavu na joto kali | hupigwa asubuhi au jioni | anateseka | anavumilia |
| Utitiri wakiisha | hakuna kilichobaki kulinda | anatoweka | anabaki |
| Usugu | hatari kubwa | hakuna wa kuhofia | hakuna wa kuhofia |
| Linaloharibu kazi | makundi yanayojirudia, kutofika chini ya jani | pairethroidi (dawa za wigo mpana), salfa, ukavu | pairethroidi, kuchelewa kumfungulia |

Kati ya dawa na mwindaji ipo njia ya tatu isiyotajwa vya kutosha: kuvu. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilitambua aina za Metarhizium anisopliae ambazo zimekuwa bidhaa sokoni. ICIPE 78 inalenga utitiri na ICIPE 69 inalenga thiripi na wadudu wengine. Mbegu za kuvu humshika, humwotea, humpenya ngozi. Haina kasi ya kemikali na inataka unyevu, lakini inakwenda sambamba na wadudu rafiki kuliko kemikali nyingi. Angalizo: dawa ya ukungu unayopiga kwa ubwiri inaweza kuiua kuvu hiyo, kwa hiyo zipe siku za kupishana.

Uamuzi wenyewe uko kwenye thiripi na viwavi

Msimamizi anaagiza persimilis, anawafungulia vizuri, anawaandikia hata ratiba ya unyevu. Wiki ya pili nondo ananaswa mtegoni, hofu inaingia, grinhausi nzima inapigwa pairethroidi. Masalia ya pairethroidi huendelea kuwadhuru wawindaji kwa wiki 8 na hata 12. Utitiri, ambaye mara nyingi ameshaizoea, anabaki bila wa kumla. Mwezi mmoja baadaye utando umejaa na shamba linahitimisha kwamba "wadudu rafiki hawafanyi kazi huku kwetu." Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi. Kila nilipoomba daftari la kupiga dawa la miezi mitatu nyuma, maelezo yalikuwa humo.

Hofu ya nondo ina msingi, tena mkubwa. Thaumatotibia leucotreta, nondo anayejulikana zaidi kwa kifupi cha Kiingereza FCM (false codling moth), ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, na Umoja wa Ulaya unamhesabu kuwa mdudu wa karantini: kiwavi mmoja ndani ya tumba anatosha kukataliwa kwa shehena. Tangu tarehe 26 Aprili 2025 maua ya waridi yanayoingia huko kutoka nchi zenye nondo huyu yanatakiwa kutimiza masharti mahususi, na KEPHIS, taasisi ya Kenya ya ukaguzi wa afya ya mimea, inasimamia mfumo wa hatua nyingi unaoanzia grinhausi hadi pakhausi, maua yanakofungashwa.

Lakini angalia kiwavi anapokaa. Akishaingia ndani ya tumba, dawa ya kugusa haimfikii. Kinachomzuia ni nyavu kwenye madirisha na milango miwili, mitego ya feromoni inayosomwa kila wiki, matumba yenye dalili kuokotwa na kuharibiwa nje ya shamba, na ukaguzi mkali pakhausi. Bakteria Bacillus thuringiensis na virusi mahususi vya nondo huyu humpiga kabla hajazama, navyo havimgusi persimilis. Kwa maneno mengine, silaha zinazofaa zaidi kwa nondo ndizo zilezile zinazomwacha mwindaji wa utitiri hai. Nyavu zina deni lake: hewa inapungua, joto linapanda, na joto ni rafiki wa utitiri. Ukifunga nyavu mwaka huu, ongeza ukaguzi wa utitiri katikati ya grinhausi, si pembeni tu.

Thiripi ni hivyohivyo. Mitego ya bluu, Amblyseius swirskii au cucumeris wanaokula wachanga wake, na minyoo midogo ya Steinernema feltiae kwa wale waliojificha kwenye udongo wakisubiri kugeuka. Anayetaka kubaki na kemikali ya wigo mpana kwa thiripi, ni heri abaki na kemikali kwa utitiri pia kuliko kununua chupa za viumbe hai na kuwaua. Na usisahau salfa ya ubwiri unga. Ikivukizwa usiku kucha inawapunguza wawindaji.

Hesabu

Bei hubadilika na zinategemea mkataba wako, kwa hiyo nakupa namna ya kuhesabu. Kwa uvamizi mwepesi, wawindaji 6 kwa mita ya mraba ni kiwango cha kawaida. Kwenye doa lililowaka ni 20 hadi 50. Hekta moja kwa 6 ni wawindaji 60,000, yaani chupa 30 za wawindaji 2,000. Huenda ukarudia mara mbili tatu mwaka wa kwanza. Hiyo inashtua ukiiweka karibu na bei ya chupa moja ya abamektini.

Usiiweke karibu na chupa moja. Iweke karibu na mizunguko yote ya mwaka: dawa, maji, mafuta ya pampu, siku za watu, mavazi ya kinga na kuyafua, saa ambazo wavunaji wamefungiwa nje, na mashina yanayobaki mafupi kwa sababu majani yameungua au yamedumaa. Hicho cha mwisho hakionekani kwenye risiti. Kinaonekana pakhausi, pale mashina ya sentimita 60 yanapoanza kupangwa kwenye 50.

Nani achague nini

Ukiwa na utando mpaka kwenye maua, piga dawa, na usiwe na shaka. Osha kwanza majani kwa maji ya nguvu, piga kiambato ambacho hakikai muda mrefu, rudia kwa kundi tofauti kabla wachanga walioangua hawajakomaa, kisha ndipo ufungue wawindaji. Ukiwa na mimea utakayoing'oa miezi mitatu ijayo, nako baki na dawa. Ukiwa huna skauti anayesoma lenzi, usinunue viumbe hai bado. Mfundishe mtu kwanza, hata kama ni mwezi mzima.

Ukiwa na mimea michanga, safi, iliyofunikwa nyavu, na umekubaliana na kila mtu mwenye ufunguo wa stoo kwamba pairethroidi hazitoki bila saini yako, fungua californicus sasa na uagize persimilis kwa madoa ya kwanza. Anza na grinhausi moja, iliyo mbali kidogo na zile zinazopigwa dawa nzito, maana upepo hubeba.

Tenga stoo chupa ya bifenazati kwa ajili ya madoa tu. Skauti akikuta doa, afunge utepe mwekundu kwenye waya, ahesabu majani 10 hapo. Akikuta mwindaji mmoja kwa kila utitiri 10 au chini yake, aliache na arudi baada ya siku tano. Akikuta utitiri peke yao, mpiga dawa apige kati ya tepe na tepe, asivuke.